Nimechaguliwa mwenyekiti wa kikoba, nijizoeze nini?

Mama Vitenge, Mbagala
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Jumamosi iliyopita kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kimenichagua mwenyekiti. Tuko wanawake 28, tunakutana kila wiki, hisa moja shilingi 2,000, mwisho hisa tano. Sijawahi kuongoza hata kamati ya harusi. Katiba nimeisoma, hiyo sina shida nayo. Shida ni mimi: hasira zangu ziko karibu, mtu akichelewesha rejesho la mkopo siwezi kunyamaza. Nijizoeze nini ili wenzangu wasije wakajuta?

Bibi Hisa, Tanga
Marahaba mwanangu, hongera sana. Kiti hicho nimekikalia miaka sita, na kilichonisumbua ni huo huo mdomo.

Mwaka wangu wa kwanza mwenzetu mmoja alikosa rejesho mara mbili. Nikamsema mbele ya kikao kizima, sanduku la pesa liko wazi. Hakujibu neno. Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitabu chake cha hisa mpaka karatasi ikachanika. Wiki iliyofuata hakuja. Kumbe mwanawe alikuwa amelazwa siku kumi na moja, na sisi mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, ulikuwa na pesa za jambo kama hilo hilo! Hakuna aliyemuuliza, na wa kwanza kuuliza nilipaswa kuwa mimi.

Tangu hapo, siku moja kabla ya kikao, baada ya alasiri, nakaa na daftari. Natazama nani hakuja wiki iliyopita, nani rejesho lake limefikia siku ya kulipwa. Naenda kwake kwa miguu, aliye mbali nampigia. Deni silianzi mimi. Nauliza hali ya nyumbani kisha nanyamaza, na mara nyingi analitaja mwenyewe chai haijapoa. Faini ya katiba inabaki palepale. Usimsamehe mtu kwa siri, maana kabla ya magharibi kikundi kizima kitakuwa na habari. Na wewe ukichelewa, lipa faini yako kabla hujaketi.

Mtunza Daftari
Bibi amesema. Mimi nilikuwa mweka hazina, naongeza moja: ufunguo wa sanduku usiushike. Kufuli ni tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu kwa sababu. Hata ukiambiwa "nitunzie leo tu", kataa.

Halafu pesa zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote kila kikao, hata mkiwa na haraka. Mwenyekiti wetu alikuwa anairuka hatua hiyo mvua ikitanda. Siku moja hesabu ikapungua 14,000, tukatazamana mpaka usiku. Baadaye ikaonekana ni kosa la kujumlisha tu, lakini watu wanne walikuwa wameshajitoa, na hawakurudi.

Mama Vitenge, Mbagala
Asanteni mno, hilo la kitabu kuchanika limenigusa. Na mimi nina mwenzangu hajaonekana wiki mbili, anakaanga samaki pale Rangi Tatu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Jumamosi. Basi nitampitia kesho jioni. Bibi, niende mikono mitupu au nibebe kitu?

Bibi Hisa, Tanga
Usibebe kitu. Nunua samaki kwake, wala usiombe akupunguzie bei.