Mtoto ana usonji na pesa ni kidogo: nianze na kadi, EARC au kliniki ya binafsi?

MamaSalim, Kisauni
Assalaam alaikum wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 4, hajasema neno, na mwezi jana daktari alithibitisha ni usonji (autism). Mimi nauza mahamri, mume wangu anategemea vibarua. Kuna kadi ya ulemavu, kuna EARC, kile kituo cha serikali cha kupima watoto kwa ajili ya masomo, na kuna mtaalamu wa matamshi ambaye kipindi chake kimoja kinameza faida yangu ya wiki. Nyinyi mlianzia wapi?

BabaNeema, Nairobi
Pole na hongera dada, umeshajua mapema. Mimi nasema EARC. Vituo hivi viko chini ya Wizara ya Elimu tangu 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto kwa ajili ya masomo: aende darasa la kawaida akisaidiwa, kitengo maalumu, au shule maalumu. Kabla sijapata barua yao, walimu wakuu wawili walinirudisha getini.

Rehema_K
Kadi isingoje. Unaanza na tathmini ya hospitali ya serikali, halafu faili inakwenda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sisi tulirudishwa mara tatu, kila mara kuna sahihi imekosekana. Ila usidhani kadi ndiyo pesa. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali, kila mwezi ni za nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali, wa kuangaliwa usiku na mchana, na kadi peke yake haikuingizi. Muulize afisa wa maendeleo ya jamii au chifu lini wanaandikisha.

MamaTatu, Kilifi
Nilianza na kliniki ya binafsi nikaingia deni. Lakini sitasema ilikuwa hasara, maana yule dada mtaalamu wa matamshi nilimwomba, badala ya kukaa na mtoto peke yake, anifundishe mimi. Tukakata picha: kikombe, choo, viatu, kitanda. Akitaka maji namshika mkono, anachukua picha, ananipa, ndipo nampa maji. Kila siku, bila kuruka. Wiki ya sita alinifuata jikoni na picha ya kikombe mkononi, mwenyewe. Zamani angelia na kujigonga ukutani mpaka nibahatishe. Kwa hiyo lipia vipindi viwili vitatu vya kujifunza wewe, mengine fanya nyumbani.

BiMwanaisha, Likoni
Wanangu, hizo foleni zote, mtoto anabaki na nani? Tafuta wazazi wenzako kwanza. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya City Primary kule Nairobi kilipatikana kwa sababu wao waliungana. Sisi huku tuko kina mama tisa tu. Mmoja akienda hospitali, mwingine anakaa na mtoto wake. Mimi ni bibi, na bila wao mjukuu wangu asingekuwa na kadi.

MamaSalim, Kisauni
Nimesoma nikilia. Jumatatu naenda EARC, na fomu ya kadi naichukua wiki hiyo hiyo. Bi Mwanaisha, mnakutana lini? Salim anaogopa sana kelele.

BiMwanaisha, Likoni
Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana. Mlete Salim, mwanangu. Kuna chumba cha nyuma, hatuwashi redio.