Paka mzee anatema dawa kila siku, nimpeje jamani? (Kigoma)

BintiUjiji
Habari za jioni wapendwa. Niko Ujiji, nina paka jike wa miaka 13, alikuwa wa marehemu mama ndo nikabaki naye mimi. Wiki iliyopita kaanza mafua, chafya, tongotongo machoni, kifua kinakoroma, nikamwita daktari wa mifugo akaja nyumbani akampima kilo 3 kasoro kidogo akampa doksisaiklini, robo kidonge mara moja kwa siku, siku 10. Sasa shida ndo kumpa. Siku ya kwanza nilimfungua mdomo nikatumbukiza, akatulia kama kameza, baadae nafagia nakikuta chini ya mkeka kimelowa. Siku ya pili nikakisaga nikachanganya na samaki mgebuka, akanusa akageuka akaondoka na toka siku hiyo hata mgebuka mtupu hataki. Jana katoa povu jingi mdomoni nikadhani anakufa, akaingia uvunguni hakutoka mpaka usiku. Leo kalamba mchuzi kidogo tu. Kinachoniuma zaidi ananikimbia, na huyu ni paka wa kulala miguuni kwangu kila siku. Jirani anasema niachane na hiyo nimpe robo ya Panadol maana ana joto. Mchana niko peke yangu, mume wangu anakuwa mwaloni Kibirizi. Naombeni msaada.

Mwanga_Juu
Dada PANADOL USIMPE, hata robo, hata ya kulamba. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, unaona fizi zinageuka bluu au kahawia, uso unavimba, na hiyo robo inaweza kumuua kabisa. Kama kuna mtu alishampa piga simu kwa daktari sasa hivi usisubiri asubuhi.

kaka_mgebuka
Mi naona saga tu weka kwenye maziwa ya uvuguvugu atakunywa mwenyewe, paka gani anakataa maziwa

MamaIsevya
Mwangaluka dada, mi niko Tabora. Nimemlea paka wangu na vidonge miaka miwili mpaka akafikisha 16 ndo akaniacha, kwaiyo nakuelewa kabisa hiyo ya kukimbiwa.

Kaka hapo juu samahani, maziwa na hiyo dawa haviendi, yanaifunga tumboni haifanyi kazi vizuri. Halafu kubwa zaidi ni hili, doksisaiklini isimezwe kavu. Koo la paka kidonge kinaweza kunata njiani kikakaa hapo kinachoma mpaka koo linapata kidonda, baadae kovu, na koo likisinyaa chakula hakipiti tena. Kwaiyo kila ukimpa kidonge maji yafuate hapohapo, nunua bomba la sindano duka la dawa, sindano yenyewe tupa, vuta maji kama mls 5.

Nilivyokuwa nafanya mimi: khanga kuukuu natandika mezani, paka katikati, nakunja upande mmoja nabana mkono wake ndani halafu upande wa pili, kinabaki kichwa tu nje. Mgongo wake naegemeza tumboni kwangu, asinitazame. Mkono wa kushoto unashika kichwa kwa juu, dole gumba na kidole cha pili kwenye mifupa ya mashavu, unainua pua kidogo mdomo unalegea wenyewe. Kidonge nimeshakipaka samli kinateleza, nakiweka nyuma kabisa katikati ya ulimi, maana ukikiacha mbele anakitema na uchungu ndo unamtoa lile povu, sio sumu. Nafunga mdomo, napapasa koo taratibu. Akilamba pua ujue kameza. Hapo sasa maji, pembeni ya mdomo nyuma ya lile chonge, kidogokidogo anameza mwenyewe, usisukume kwa nguvu yasije kuingia kwenye mapafu. Yote haifiki dakika moja. Ukishindwa mara mbili muachie, jaribu baada ya saa.

Na usimvizie akiwa anakula wala amelala. Sehemu ya dawa iwe moja, ya chakula nyingine, la sivyo anaunganisha anakosa imani na vyote.

DukaLaMifugo_Kasulu
Mama kamaliza, naongeza machache. Mwambie daktari wako kuwa dawa imetemwa siku zote hizo, aseme yeye siku zihesabiweje, usifidie kwa kumpa mara mbili. Siku nyingine akitema na hujui kiasi gani kiliingia usirudie, subiri muda wa kesho.

Kingine kutokula. Paka mwenye mafua pua imeziba hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Futa pua na macho kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, chakula kipashe moto kidogo kinukie. Dagaa wa chumvi acha, kwa umri huo figo zinakuwa zimechoka, na kama umeona siku hizi anakunywa maji mengi na kukojoa sana mwambie daktari. Ila akimaliza siku mbili bila kula chochote mpeleke, paka akikaa na njaa mafuta yanajaa kwenye ini.

BintiUjiji
Mungu awabariki. Maji hakuna aliyeniambia, nilikuwa nampa kikavu kabisa. Daktari nimempigia, kasema tuanze kuhesabu upya leo. Tumejaribu jioni mume wangu aliporudi, khanga ya mama ile ile aliyozoea kulalia, mara ya kwanza kakiteleza pembeni, mara ya pili kikaenda, nikamuona analamba pua kama ulivosema mama, nikampa maji mls 4 hivi nyingine zilimwagika. Hajatoa povu. Kala kichwa cha mgebuka nilichokipasha. Uvunguni kaingia lakini katoka mwenyewe, saa hizi kakaa mlangoni ananiangalia.

MamaIsevya
Muache akuangalie, usimfate. Kesho saa ile ile, na bomba lioshe.