Fontaines D.C.: Romance au Skinty Fia, ninunue ipi kwanza?

Nyuzi_Sita
Wakuu, habari za jioni. Mwezi huu nina hela ya santuri moja tu, na nimekwama kati ya albamu mbili za bendi ya roki ya Fontaines D.C., vijana wa Dublin, Ireland: Romance ya Agosti 2024 na Skinty Fia ya 2022. Dogrel, ile ya kwanza ya 2019, ninayo. Romance nimeisikiliza kwenye simu na imenikaa moyoni, ila jamaa yangu anadai wamelainika ili wapigwe redioni. Wenye masikio nisaidieni.

Binti_Pwani
Romance, tena usisite. Vaa hedifoni uweke Starburster. Kwenye kiitikio mwimbaji wao, Grian Chatten, anavuta pumzi kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyekabwa, na inaangukia juu ya mdundo kama ngoma nyingine. Wimbo ulitokana na hofu iliyomvamia kwenye stesheni ya St Pancras, London. Mimi hofu hizo ninazijua, na sijasikia mwingine aliyezitia kwenye wimbo zikabaki vilevile. Huko ndiko kulainika?

Mzee_Santuri
Binti yangu, Starburster siukatai, ni wimbo hasa. Lakini anayenunua albamu ananunua yote. Skinty Fia inafunguliwa na In ár gCroíthe go deo, Kiayalandi cha "mioyoni mwetu milele": waitikiaji wanarudia jina hilo la wimbo, besi inaingia taratibu, unangojeshwa kweli kweli kabla ngoma hazijachachamaa. Kisa chenyewe ni cha familia ya Kiayalandi iliyoishi Coventry, Uingereza. Walitaka maneno hayo yaandikwe kwenye kaburi la mama yao, mahakama ya kanisa ikakataa hadi yawekewe Kiingereza. Walishinda kwa rufaa mwaka 2021. Kisha kuna I Love You. Chatten anaanza kwa kubembeleza, unadhani ni mpenzi, kumbe ni Ireland yenyewe, na mwishoni anaikemea kwa mfululizo bila kupumua. Bendi ilikuwa imeshahamia London. Sisi tunaoishi mbali na kwetu albamu ile inatugusa pabaya.

fundi_sauti
Msisahau aliyekaa kwenye mitambo. Albamu tatu za mwanzo alizisimamia Dan Carey. Romance ni ya James Ford, yule prodyuza wa bendi ya Arctic Monkeys. Kwa Carey unasikia watu watano wamebanana chumbani. Ford amewapa nafasi: zile vayolini za In the Modern World hazigombani na gitaa hata kidogo. Kama unapenda Dogrel kwa ule ukali wake, Skinty Fia iko karibu nayo zaidi.

Binti_Pwani
Hapo sasa fundi umenipa hoja. Dogrel anayo tayari, kwa nini anunue jirani yake? Mzee wangu, uchungu Romance upo, umehamia ndani ya mtu. Favourite, wimbo wa kufunga, gitaa zinang'aa mwanzo hadi mwisho, naye Chatten anaimba kumbukumbu moja baada ya nyingine. Mimi huurudia kabla haujapoa.

Nyuzi_Sita
Asanteni sana. Nimezirudia zote mbili usiku nikiwa nimezima taa. Naagiza Romance. Mzee, Skinty Fia ni ya mshahara ujao, I Love You imenikosesha usingizi. Na A Hero's Death ya 2020 mbona hakuna aliyeigusa?

Mzee_Santuri
Hiyo ifungulie uzi wake, kijana wangu. Nitakuja na mengi.