Morrowind, Oblivion au Skyrim: ninunue ipi?

mgeni_levo1
Habari wakuu. Mwezi huu nanunua gemu moja tu ya mfululizo wa The Elder Scrolls. Nasoma kila mahali kwamba kila inayotoka ni nyepesi kuliko iliyotangulia, wengine wanasema hayo ni machozi ya wazee tu. Mimi nataka yenye kina. Ipi?

MzeeWaDadu
Morrowind, tufunge mjadala. Hesabu mwenyewe. Morrowind (2002) ina stadi 27, Oblivion (2006) 21, Skyrim (2011) 18. Zile sifa nane, nguvu, wepesi, bahati na wenzake, zilifika Oblivion zikaishia hapo. Skyrim ikabakiza afya, uchawi na pumzi. Hata deraya imepunguzwa: Morrowind bega la kulia unalivika peke yake na la kushoto peke yake, Skyrim mabega, kifua na miguu ni vazi moja. Karakana ya kutunga uchawi wako mwenyewe nayo imefutwa.

Kishale_Zima
Mzee unamshonea mtu nguo hujampima. @mgeni_levo1 unachezea mashine gani? Morrowind haijawahi kutoka kwa PlayStation. Kama ni kompyuta, taja RAM na kadi ya grafiki. Pia useme "kina" kwako ni nini: hesabu za mhusika, hadithi, au kutafuta njia?

stadi_35
Nacheka tu. Daggerfall (1996), iliyoitangulia Morrowind, ilikuwa na stadi 35, zikiwemo kupanda kuta na lugha za majitu na mazimwi. Morrowind ndiyo iliyozifyeka, leo inaitwa mlima wa kina. Kila mtu anaita "halisi" ile aliyoanza nayo. Halafu Daggerfall ni bure, kihalali kabisa.

MzeeWaDadu
Lugha zile zilikuwa za nini zaidi ya jitu kukuacha upite? Kuna kupunguza mafuta na kuna kukata nyama.

nuru_ya_kioo
Mgeni atainunua Morrowind, atampiga panya mara kumi kisu kipite hewani, aifute. Mwambieni ukweli.

MzeeWaDadu
Ukweli ni hesabu: kila pigo gemu inarusha dadu kimyakimya. Nafasi ya kupata pigo ni stadi ya silaha, jumlisha wepesi gawa kwa 5, jumlisha bahati gawa kwa 10, kisha zidisha kwa pumzi: 1.25 ukiwa umejaa, 0.75 ukiwa umeishiwa. Halafu unatoa ukwepaji wa adui. Mgeni anachagua upanga mrefu, anaokota kisu kwa sababu ndicho alichokiona kwanza. Stadi ya kisu ni 5, wepesi 40, bahati 40. Hiyo ni 17. Akiwa na pumzi kamili anapata asilimia 21, na akifika amekimbia njia nzima, 13 hivi. Kabla adui hajakwepa!

Sasa chagua mhusika wa kabila la Redguard, upanga mrefu uwe stadi kuu, fani yako iwe ya mapigano: 30 za stadi kuu + 5 za fani + 15 za kabila = 50. Kwa wepesi na bahati zilezile inakuwa 62, mara 1.25 ni zaidi ya 77. Tembea, usikimbie, ukikaribia adui. Ule upau wa kijani wa pumzi si pambo.

nuru_ya_kioo
Umenithibitishia. Yote hayo anatakiwa ayajue kabla hajarusha pigo la kwanza. Skyrim unatumia upinde, upinde unakua, unachagua tawi lake ukishaona unalipenda. Uchaguzi upo, umehamia baada ya kucheza.

BwanaPachi
Mbona Oblivion hamuisemi? Naisemea, na si kwa sifa. Pale hesabu za zamani ziliachwa ndani, adui wakafanywa wakue pamoja nawe, na vitu hivyo viwili haviivani.

Levo, yaani ngazi ya mhusika, inapanda stadi kuu zikiongezeka mara 10 kwa jumla na ukalala. Mtu anachagua kukimbia, kuruka, biashara na kusema kuwa stadi kuu kwa sababu zinaonekana rahisi. Anaruka njia nzima, analala, levo. Anauza mizigo, analala, levo. Lakini kila levo sifa inaongezeka kwa kadiri ulivyotumia stadi zake: mara 10 unapata +5, bila kuzigusa ni +1 tu. Ustahimilivu wake unatokana na ufundi wa silaha, kukinga na deraya nzito, naye hajavigusa. Na afya unayopata kila levo ni sehemu ya kumi ya ustahimilivu wa wakati huo, hairudi nyuma kukufidia. Akibaki na 40, anaanza na afya 80, na levo 19 baadaye ana 156. Wakati huohuo majambazi wa barabarani wamekwisha kuvaa deraya za kioo. Faili lile halifi, ila kila goblini anageuka kuwa gogo la kukatwa kwa kijiko.

Dawa: stadi unazozitumia bila kukusudia ziweke kwenye stadi ndogo, zisizopandisha levo, pandisha kukinga na ufundi mapema, au usilale. Kuna kitelezi cha ugumu, lakini kisogeze kidogo sana, mwisho wake huzidisha madhara hadi mara 6.

Oblivion Remastered ya 2025, yaani toleo lililotengenezwa upya, imeliondoa tatizo hili: kila levo unapewa pointi 12 ugawe kwenye sifa zisizozidi tatu, stadi zozote ulizotumia.

Kishale_Zima
Mnahesabu stadi, mnaacha kilichokatwa hasa. Morrowind haina kishale cha kukuonyesha unakokwenda. Unatumwa Arkngthand, unaambiwa uanzie ngome ya Moonmoth, ufuate korongo la foyada, uvuke daraja la kale la Dwemer, taifa lililotoweka. Kufungua mlango unazungusha gurudumu kwenye bomba. Kisanduku ulichotumwa kukichukua ni kidogo, kipo rafuni, na wengi wamekipita mara tatu.

Skyrim unaweza kukizima kishale, ondoa tiki kwenye kazi ndani ya shajara. Kisha ujaribu kusoma shajara: "Nenda pango fulani." Mashariki? Karibu na mto? Hakuna. Maandishi yaliandikwa yakikitegemea kishale, ukikizima umebaki kipofu. Hilo halirudishwi na kitelezi chochote.

stadi_35
Lawama ni ya sauti. Tangu Oblivion kila neno linasemwa na mwigizaji, na aya nzima ya kuelekeza njia ni ghali kurekodi.

MzeeWaDadu
Na kuruka angani je? Nacho ni sauti?

BwanaPachi
Kuruka kuliondoka kwa sababu miji ya Oblivion ni dunia ndogo zilizofungwa nyuma ya malango. Ukipaa juu ya ukuta unaona mji wa bandia. Hata katika mji wa Mournhold, ndani ya Morrowind yenyewe, kuruka kulikatazwa.

mgeni_levo1
Samahani nimechelewa. Ni laptopu, RAM 8 GB, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kipanya sina, natumia kibao cha kugusa.

Kishale_Zima
Ungesema mwanzo! Remastered itoe, inataka 16 GB na nafasi ya zaidi ya GB 100. Nunua kipanya kabla ya gemu yoyote.

BwanaPachi
Morrowind ya toleo kamili, lenye nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon, pamoja na OpenMW. OpenMW ni injini mbadala ya kuiendeshea gemu tu: unaielekeza kwenye Morrowind.esm iliyo kwenye folda ya Data Files. Modi (nyongeza za wachezaji) zinazotegemea MWSE, programu ya injini ya asili, hazitakubali, usijisumbue nazo.

nuru_ya_kioo
Skyrim ya 2011 nayo itakwenda ukipunguza ubora wa vivuli. Naona mzee anajiandaa.

MzeeWaDadu
Vivuli ndiyo kina chenyewe?

mgeni_levo1
Nimeshusha Daggerfall kwanza, maana ni bure. Nipo pango la mwanzo. Kuna kishetani kinaruka, nakipiga wala hakidhuriki. Hii ndiyo ile dadu?

stadi_35
Hapana, hiyo si dadu. Kile hakiumizwi na silaha ya chuma cha kawaida, kinataka feleji kwenda juu. Angalia jina la upanga wako. Kama ni wa chuma, funga mlango ukimbie.