Naomba ushauri: mwanangu ameanza kuogopa nyoka kama mimi

Mama Bustani: Ndugu zangu, juzi jioni nikienda kuchota maji uani nilikanyaga mpira wa kumwagilia bustani, nikaruka na kupiga yowe hata ndoo ikanitoka mkononi, kabla sijatambua kuwa hakuwa nyoka. Sijawahi kuumwa na nyoka maishani. Linaloniumiza ni kwamba binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa mlangoni akinitazama, sasa hakubali kupita pale hata mchana. Je, nimemrithisha hofu hii kwa damu?

Mwalimu wa Baiolojia: Pole sana, dada. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe hujaumwa na bado umeshtuka, na hapo ndipo mageuzi ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi, yanapotufaa. Taarifa za macho huweza kufika kwenye amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoamsha hofu, kabla hatujamaliza kutambua tulichokiona. Kwa mababu zetu, kuruka bure mara nyingi kulikuwa na hasara ndogo kuliko kuchelewa mara moja. Hata Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mageuzi hayo, alipousogeza uso kwenye kioo kilichomtenga na kifutu katika bustani ya wanyama ya London, huku ameazimia kutotikisika, aliruka nyuma mara tu nyoka alipopiga. Usijilaumu.

Mlezi: Niongeze kuhusu mtoto, maana huko ndiko kwenye kazi. Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake huko Marekani waliona kuwa kima waliolelewa maabara hawakuwaogopa nyoka mpaka walipowatazama wenzao wa porini wakiogopa; lakini walipoonyeshwa video iliyounganishwa ili mwenzao aonekane akiogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Kinachorithiwa, basi, ni wepesi wa kuipokea hofu hii, na mtoto huipokea akitazama uso wa mzazi. Kima waliotangulia kumwona mwenzao ametulia mbele ya nyoka, wengi wao hawakuambukizwa hofu baadaye. Kaa naye mbali kidogo na mpira huo, zungumza kwa utulivu, msogee kila siku bila kumlazimisha. Nyoka halisi mfundishe kumwepuka na kuita mtu mzima.

Mama Bustani: Asanteni sana. Leo asubuhi tumekaa kizingitini tukiutazama, akaniuliza kama mpira una macho. Nimemjibu kwa sauti ya kawaida, ingawa moyo ulikuwa ukinidunda. Kesho tutasogea hadi kwenye ndoo.