Kuzidisha sehemu: mbona jibu linapungua?

Wakuu, habari za humu. Nina miaka 41, hesabu niliziaga zamani, ila daftari la binti yangu limenirudisha darasani. Swali: 2/3 × 3/4. Nikatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4, nikapata 12, nikaandika 8/12 × 9/12. Nikazidisha za juu, chini nikaacha 12 ileile. 72/12, yaani 6. Binti akaniangalia: "Baba, sita nzima?"

Kitabu kinasema 1/2. Sawa, kiasi (namba ya juu) mara kiasi, asili (ya chini) mara asili, nimeona. Ila tangu utoto najua kuzidisha ni kuongeza. Inakuwaje jibu liwe dogo kuliko namba zote mbili?

Jibu la 1
KDS ni ya kujumlisha na kutoa, mkuu. Hapa haina kazi. Hata hivyo ungezidisha na asili pia ungepata 72/144, ambayo ni 1/2 hiyohiyo. Ungechoka bure tu.

Jibu la 2
Ndugu, palipo na "mara" soma "ya". Theluthi mbili YA robo tatu. Kunja karatasi upate sehemu nne sawa, tatu zitie rangi. Hizo ndizo robo tatu. Theluthi mbili ya vipande vitatu ni vipande viwili, na robo mbili ni nusu. Umechukua sehemu tu ya kitu ambacho chenyewe hakikuwa kizima, kitaongezekaje?

Kiswahili kina jina kabisa: nusu ya robo ni thumuni. 1/2 × 1/4 = 1/8. Sijawahi kusikia mtu akishangaa thumuni kuwa ndogo kuliko robo.

Jibu la 3
Nyongeza: namba mchanganyiko zigeuze kwanza. 1½ × 2⅔ ni 3/2 × 8/3. Tatu zinakatana, inabaki 8 gawanya kwa 2, jibu 4. Wengi huzidisha nzima kwa nzima na sehemu kwa sehemu wakapata 2⅓. Kosa. Na hapa jibu limekua, kwa kuwa kila namba inazidi 1.

Muuliza swali
Asanteni. Karatasi imekunjwa, "ya" imeniingia. Tatizo nilijitia ujuzi kwenye 5 × 2/3, nikazidisha 5 juu na chini: 10/15. Binti kacheka mpaka kalamu ikaanguka. "Baba, tano ni 5/1!" Jibu ni 10/3. Kaliandika yeye.