Makosa madogo katika bakigamoni: tuyasahihishe au tuyaache?

Mwalimu wa Katuba
Salamu kutoka Lubumbashi. Kila Jumapili alasiri ninawafundisha vijana wa mtaa wetu bakigamoni, mchezo wa ubao ambao watu wawili husogeza kete zao kwa kutupa dadu, kisha michezo yao tunaichambua kwa programu ya GNU Backgammon, ambayo huonyesha kila uamuzi umepoteza sehemu gani ya pointi. Makosa makubwa yamepungua. Yaliyobaki mengi ni ya 0.02 au 0.03. Je, inafaa kuyafuatilia, ama nitawachosha bure, ikiwa siku ya mchezo dadu ndizo zinazoamua?

Kete Nyeusi
Mwalimu, tupige hesabu. Kijana akifanya maamuzi 20 katika mchezo mmoja na kila uamuzi ukampotezea 0.02, jumla ni 0.4, sawa na makosa manne ya 0.1 ambayo sisi sote tungeyapigia kelele. Bahati inaweza kuificha hasara hiyo jioni moja, lakini kwa msimu mzima itaonekana. Yafuatilie.

Yaya wa Kampemba
Hesabu ya ndugu yetu ni sahihi, ila si kila 0.02 ina uzito sawa. Mchezo ukianza kwa dadu 2 na 1, wengine hushusha kete moja kutoka nafasi ya 13 ya ubao hadi ya 11 na nyingine kutoka ya 6 hadi ya 5, wengine badala ya hiyo ya pili huisogeza ya nyuma kutoka ya 24 hadi ya 23. Programu huziona njia hizo mbili kuwa karibu sawa, na tofauti ndogo kama hiyo huweza hata kugeuka uchambuzi ukirefushwa. Hapo usimsumbue mtoto. Lakini akiwa na mazoea ya kuacha kete ya pekee, ambayo mpinzani akiifikia huipiga na kuirudisha mwanzo, hatua 6 kutoka kwa mpinzani badala ya 7, bila kizuizi katikati, msahihishe hata kama safari hii programu imeandika kosa dogo: kwenye hatua 6 anapigwa kwa mitupo 17 kati ya 36, kwenye hatua 7 kwa mitupo 6 tu. Mazoea hayo yatamfuata kwenye ubao mwingine ambako yatamgharimu zaidi.

Mama Dau
Mwanangu Mwalimu, dadu ya maradufu je, ile ambayo mchezaji humpa mwenzake ili dau liwe mara mbili: akikataa hupoteza pointi 1 papo hapo, akikubali mchezo unakuwa wa pointi 2? Vijana wengi hukataa dau mapema mno kwa woga. Waonyeshe michezo minne: wakikataa yote, wanapoteza pointi 4, wakikubali yote na kushinda mmoja tu, wanapoteza 6 na kupata 2, yaani hasara ni ile ile 4. Kwa hiyo, pasipo hatari ya kushindwa maradufu (yaani kushindwa kabla ya kutoa hata kete moja, ambako huhesabiwa mara mbili), mwenye nafasi inayozidi robo akubali. Uamuzi mmoja wa namna hii unaweza kuzidi 0.02 zote za mchezo huo.

Mwalimu wa Katuba
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Jumapili tutaanza na maamuzi ya dau, kisha nitayapanga makosa madogo kwa aina badala ya ukubwa, na yale yasiyojirudia kwa kijana yule yule nitayaacha.